Skrini janja: nani bwana wa nyumba?

Katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya, juu ya meza ya jikoni au kando ya kitanda, siku hizi kimewekwa kifaa chenye umbo la fremu ya picha. Kikiitwa kwa jina lake huamka, kikasikiliza, kikajibu kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi. Mwenye nyumba hukiuliza kama mvua itanyesha, hukiamuru kizime taa za sebuleni, hukiagiza kihesabu dakika kumi za mayai yaliyo motoni, na mikono yake ikabaki katika unga anaoukanda. Kifaa hicho ndicho kinachoitwa skrini janja. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza ya kwake, Echo Show, mwaka 2017 kwa dola 229.99. Mwaka uliofuata Google ikaleta ya kwake kwa dola 149, na Facebook, ambayo leo inajiita Meta, haikutaka kubaki nyuma, ikatoa Portal. Kutoka huko vifaa hivi vimekwisha kuingia Afrika Mashariki, katika mizigo ya wasafiri na katika maduka ya miji mikubwa, na kila vilipoingia vimeingia pamoja na sifa zake.

Sifa hizo zinaimbwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wauzaji, na hao hawana lawama kubwa, maana mfanyabiashara hawezi kutarajiwa kuikashifu bidhaa yake. Wa pili ni wale wenye kasumba ya kuamini kwamba kila kinachotoka ng'ambo ni maendeleo, na kwamba anayekihoji ni mshamba anayetaka watu warudi kwenye vibatari. Kwa upande mwingine wapo wanaokilaani kifaa chenyewe chote, kana kwamba ndani yake mna jini aliyefungwa. Hao nao hawasaidii kitu, kwa kuwa wanawaachia wauzaji uwanja mtupu: mtu aliyekwisha kuona manufaa ya kifaa kwa macho yake hatamsikiliza anayemwambia kwamba hakina manufaa yoyote.

Manufaa yapo, na haki inataka yatajwe kwanza. Mtu asiyeona, ambaye saa ya ukutani haimsaidii kitu na simu ya kioo laini ni mtihani kila aishikapo, anauliza ni saa ngapi na anajibiwa. Akitaka habari za asubuhi, anasomewa. Akitaka kuzungumza na mwanawe, anatamka jina tu. Bibi mwenye baridi yabisi, ambaye vidole vyake vimekataa kubonyeza tarakimu ndogo, anauona uso wa mjukuu wake aliye mbali bila kugusa chochote. Asiyesikia vizuri husoma jibu katika skrini. Asiyeweza kutamka maneno huweza kukiamuru kifaa kwa kugusa badala ya kusema. Mgonjwa aliyelala kitandani huzima taa mwenyewe, na jambo hilo dogo, la kutolazimika kumwita mtu kila mara, humrudishia heshima ambayo mtu mzima wa afya haifikirii hata siku moja. Nchini Uingereza, mwezi wa Julai 2019, Wizara ya Afya ilitangaza ushirikiano na Amazon ili mashauri ya idara ya afya ya taifa yasomwe na Alexa, ambalo ndilo jina la sauti ile, kwa wazee, kwa wasioona, na kwa wale wasioweza kuufikia mtandao wa intaneti kwa njia nyingine.

Kumwambia mtu wa namna hiyo akirudishe kifaa dukani ati kwa sababu mabepari ni wabaya, huo ni ukatili unaovaa joho la siasa. Lakini hapohapo ndipo hoja yenyewe inapoanzia. Kadiri mtu anavyokitegemea kifaa kwa maisha yake ya kila siku, ndivyo inavyompasa kujua kifaa hicho kinamtii nani. Tajiri mwenye macho mazima aliyenunua skrini kwa ajili ya kuwachekesha wageni anaweza kuitupa kesho. Kipofu hawezi.

Jinsi kifaa kinavyofanya kazi si siri, ila wauzaji hupenda kulipita jambo hili kwa haraka. Maikrofoni zake hubaki wazi mchana na usiku, zikingoja neno moja la kuamsha. Kazi hiyo ya kungoja hufanywa ndani ya kifaa chenyewe. Neno linaposikika, au linapodhaniwa kuwa limesikika, sauti inayofuata hunaswa na kusafirishwa kwa intaneti hadi katika kompyuta kubwa za kampuni, ambazo aghalabu ziko nchi nyingine. Huko ndiko inakogeuzwa kuwa maandishi, inakofasiriwa, na jibu linakotungwa kabla ya kurudishwa. Kwa maneno mengine, kile kinachoonekana kama mtumishi anayekaa jikoni ni mdomo na sikio tu. Kichwa chake kiko kwa tajiri.

Nyumba ya Mswahili ina utaratibu wake wa tangu zamani juu ya nani asikie nini. Lamu, Mombasa na Unguja, wajenzi waliweka baraza nje na daka mlangoni ili mgeni apokewe, apewe kahawa na azungumze shughuli zake bila jicho lake kufika uani. Hata katika nyumba za vyumba sita za Magomeni na Manzese, ambamo wapangaji wanashiriki uwanja mmoja, bomba moja na kelele za watoto wote, hakuna anayeingia chumba cha mwenziwe bila kupiga hodi, na hodi iliyopigwa mara tatu isijibiwe humrudisha mtu alikotoka. Redio iliingia katika nyumba hizo na wala haikuvunja utaratibu huo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika katika vikundi kuisikiliza Redio Tanzania, wakajadiliana waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ile ilisema, haikusikiliza. Aliyemtukana mtangazaji akiwa kitandani kwake hakuandikwa popote. Skrini janja haipigi hodi, kwa kuwa imekwisha kukaa ndani, na juu ya hayo ina sikio.

Wauzaji hujibu kwamba kifaa hakisikilizi mpaka kiitwe. Matukio yanayojulikana hadharani yanasema mengine. Mwezi wa Mei 2018 familia moja ya Portland, Oregon, iligundua kwamba mazungumzo yao ya faragha yalikuwa yamenaswa na kupelekwa kwa mtu aliyekuwa katika orodha yao ya simu. Amazon ilikiri kwamba jambo hilo lilitokea, na maelezo yake yalikuwa kwamba kifaa kilidhani kimesikia jina lake, kisha kikadhani kimeagizwa kupeleka ujumbe, kisha kikadhani kimetajiwa jina la mpokeaji, na mwisho kikadhani kimeambiwa ndiyo. Dhana nne kwa mfululizo! Mwisho wa mwaka huohuo Ujerumani, mtu mmoja aliyeitumia haki yake ya kisheria kuomba taarifa zake kutoka kampuni hiyo, alipelekewa rekodi kama 1,700 za sauti ya mtu mwingine asiyemjua kabisa. Waandishi wa jarida la c't wakaweza kumtambua mwenye sauti kutokana na aliyoyasema nyumbani kwake. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la Ubelgiji, VRT, lilisikiliza vipande zaidi ya elfu moja vya sauti zilizonaswa na vifaa vya Google, ambavyo watu wa kuajiriwa walikuwa wakivisikiliza ili kuinoa mitambo. Vipande 153 kati yake havikutanguliwa na neno lolote la kuamsha. Ndani yake mlikuwamo mazungumzo ya vyumbani, ugomvi, na mambo ya afya za watu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata imepewa mtu ambaye mwenye mtungi hajapata kumwona, na ambaye naye, kwa haki, ni mfanyakazi tu anayelipwa kwa kazi. Mwezi wa Aprili 2019 lilipofichuliwa jambo hilohilo juu ya Amazon, wasikilizaji wake walitajwa kuwa wako Boston, Costa Rica, India na Romania.

Na watoto je? Mwezi wa Mei 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto bila kikomo na kwa kutofuta kikamilifu zile ambazo wazazi waliomba zifutwe. Kampuni haikukubali kosa, lakini ilikubali kulipa dola milioni 25. Mtoto anayemuuliza Alexa hadithi ya sungura hajui kwamba sauti yake ni mali ghafi, kama vile mkulima wa pamba wa zamani alivyokuwa hajui shati litauzwa shilingi ngapi Manchester. Tofauti ni kwamba mkulima yule angalau alilipwa kitu, hata kama kilikuwa kidogo.

Hayo yote, mtetezi wa kifaa atasema, ni makosa ya kiufundi ambayo hurekebishwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mwenendo wa makampuni ungeelekea kwenye marekebisho. Kilichotokea mwezi wa Machi 2025 kinaonyesha kinyume. Kabla ya hapo, baadhi ya vifaa vya Amazon nchini Marekani vilimruhusu mwenye navyo kuchagua sauti yake isipelekwe nje; ifasiriwe humohumo ndani ya kifaa. Jambo hilo ni la maana sana, kwa sababu linathibitisha kwamba kiufundi lawezekana, na wanaosema kwamba hapana njia nyingine wanasema uongo. Kampuni iliwaandikia waliochagua hivyo kwa barua pepe, ikawaarifu kwamba kuanzia tarehe 28 Machi ruhusa hiyo inafutwa, kwa kuwa huduma mpya za akili mnemba zinahitaji nguvu ya kompyuta za kampuni. Waliolipa fedha zao dukani hawakuulizwa. Walipewa taarifa, kama mpangaji anavyopewa taarifa na mwenye nyumba kwamba kuanzia mwezi ujao lango la nyuma litafungwa.

Hilo ndilo neno sahihi: mpangaji. Anayenunua jembe anamiliki jembe. Muuzaji hawezi kuja usiku akakata mpini. Anayenunua skrini janja anamiliki kioo na plastiki. Uhai wa kile kioo uko mikononi mwa kampuni, na kampuni huutoa ipendavyo. Facebook iliitangaza Portal mwaka 2018 kama daraja la kuwaunganisha jamaa walio mbali. Mwaka 2022 biashara ilipokuwa haina faida ya kutosha ikaacha kuwauzia wananchi wa kawaida. Skrini zilizotengenezwa na Lenovo, JBL na LG zikitumia programu ya Google zilianza kuuzwa mwaka 2018. Ilipofika Aprili 2023 Google ikatangaza kwamba haitazitengenezea tena programu mpya, na kwamba ubora wa simu za video huenda ukapungua. Mwaka 2022 Google iliposhindwa katika shauri la hataza dhidi ya kampuni ya Sonos, ilijibu kwa kuondoa uwezo fulani wa kuongoza sauti katika vifaa ambavyo vilikuwa tayari majumbani mwa watu. Tembo wawili walipigana mahakamani, na nyasi zikaumia sebuleni.

Msomaji atajiuliza kwa nini basi vifaa hivi huuzwa kwa bei nafuu namna ile. Jibu lilipatikana mwaka 2024, gazeti la Wall Street Journal lilipoandika kwamba idara ya vifaa ya Amazon ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 25 kati ya mwaka 2017 na 2021. Hakuna bepari anayetupa dola bilioni 25 kwa kuwahurumia vipofu. Fedha zile zilikuwa chambo. Ilitarajiwa kwamba mtu mwenye kifaa jikoni ataagiza sabuni, unga na viatu kwa kutamka tu, na kila agizo litapita dukani kwa Amazon. Watu hawakufanya hivyo. Walikitumia kifaa kuhesabu dakika za mayai. Chambo kiliwa na ndoano ikabaki tupu. Sasa mvuvi ametafuta ndoano nyingine. Mwezi wa Februari 2025 kampuni ilitangaza Alexa mpya, Alexa+, kwa dola 19.99 kila mwezi kwa asiyekuwa mwanachama wa mpango wake wa kulipia, na matangazo ya biashara yakajipenyeza kwenye skrini zilezile ambazo watu walizinunua ili waweke picha za watoto wao.

Katika mambo haya Marekani ina wenyewe wa kulalamika, na wanalalamika. Afrika Mashariki ina neno lake la ziada, nalo ni lugha. Kwa hesabu ya UNESCO, Kiswahili kinasemwa na watu zaidi ya milioni 200. Kihindi kiliingizwa katika Alexa mwaka 2019, Kiarabu mwaka 2021 kwa ajili ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na Kiitaliano, ambacho wasemaji wake ni wachache kuliko wa Kiswahili, kimo. Kiswahili hakimo. Sababu yake haina uhusiano wowote na ugumu wa lugha, kwani Google yenyewe iliwezesha kuandika kwa sauti ya Kiswahili katika simu tangu mwaka 2017. Lugha huingizwa pale ambapo mfuko wa mnunuzi unasikika ukigonga.

Matokeo yake ni kwamba yule hasa ambaye kifaa kingemfaa ndiye anayekikosa. Mzee kutoka Kivu aliyehamishiwa Marekani pamoja na familia yake baada ya miaka mingi ya kambini, asiyejua Kiingereza, mwenye macho yaliyoingia ukungu, anakaa mchana kutwa mbele ya skrini ambayo mjukuu wake anaiamrisha kwa urahisi, naye akiisemesha haijibu. Ama itajibu upuuzi. Tena hata Kiingereza peke yake hakitoshi. Lazima kiwe Kiingereza cha watu fulani. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2020 ulipima mitambo ya kufasiri sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, ukakuta kwamba kwa wasemaji Wazungu mitambo ilikosea kwa wastani maneno 19 katika 100, na kwa Wamarekani Weusi maneno 35. Ikiwa mtu aliyezaliwa Marekani, na babu zake wakazaliwa huko kwa karne nzima na zaidi, haeleweki kwa sababu ya lafudhi yake, sembuse mama wa Kigoma.

Kasumba hapa inafanya kazi yake kimyakimya. Tayari wapo wazazi wanaojivuna kwamba mtoto wao mdogo anazungumza na kifaa kwa Kiingereza safi, tena kwa lafudhi ya kwenye sinema. Mtoto huyo anajifunza kwamba taa haiwaki kwa Kiswahili. Kujifunza Kiingereza ni jambo jema, na shule zipo kwa kazi hiyo. Lakini nyumba ambayo vitu vyake vyote haviitikii lugha ya bibi, inamfanya bibi awe mgeni ndani yake.

Kuna jambo jingine linalopitwa upesi na wanaokisifu kifaa, nalo ni utumishi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 iliyakosoa makampuni kwa kuipa mitambo hii sauti za kike kama kawaida yake, zikiamrishwa bila tafadhali wala asante, zikitukanwa zikajibu kwa upole. Mtoto wa kiume anayekua akimwamrisha mwanamke asiyeonekana, ambaye hachoki wala hakasiriki, anasomeshwa somo ambalo mama yake hakumpangia. Na mtumishi wa kweli hayuko mbali. Katika nyumba za Riyadh na Dubai, ambako kifaa kinaelewa Kiarabu, wamo akina dada wa Mombasa, Tanga na Unguja waliokwenda kufanya kazi za ndani. Tajiri alipokiweka kifaa jikoni alikubali masharti ya kampuni kwa kubonyeza kitufe. Msichana anayepika katika jiko hilo kutwa nzima, akiimba, akilalamika, akizungumza na mama yake kwa simu usiku wa manane, hakubonyeza kitufe chochote. Kama kifaa kina kamera, kamera inamwona yeye kuliko inavyomwona bwana wa nyumba, kwa maana yeye ndiye anayeshinda pale. Hakuna sharti la mkataba wa kazi linalozungumzia jambo hili, nalo lingepasa kuwamo katika mikataba inayoidhinishwa na serikali zinazowaruhusu wafanyakazi hao kusafiri.

Wapo watakaosema kwamba asiye na la kuficha haogopi kusikilizwa. Hoja hii ni ya zamani na haipati nguvu kwa kurudiwa. Mtu anayefunga mlango wa choo hajafanya kosa lolote. Nchini Marekani polisi wa Arkansas, wakichunguza kifo kilichotokea mwaka 2015, waliidai Amazon rekodi za kifaa kilichokuwa ndani ya nyumba. Kampuni ilikataa mwanzoni, ikazitoa mwaka 2017 baada ya mshtakiwa mwenyewe kuridhia, na mwaka huohuo mashtaka yakafutwa. Safari hiyo mahakama na mawakili walikuwapo kulisimamia jambo hadharani. Mahali ambapo usimamizi huo haupo, au upo kwa jina tu, rekodi ya mazungumzo ya chakula cha jioni ni silaha inayongoja mkono wa kuishika.

Wengine watasema simu janja nayo ina maikrofoni na kamera, na kila mtu anayo mfukoni, kwa hiyo mjadala umepitwa na wakati. Ni kweli kwamba simu ina madhambi yaleyale. Lakini simu ni ya mtu mmoja, ambaye angalau ameichagua mwenyewe. Skrini ya sebuleni inamnasa kila anayepita: jirani aliyekuja kuazima chumvi, shangazi aliyekuja kueleza ugomvi wa ndoa, mgonjwa, mtoto wa mtu mwingine. Ruhusa ya mmoja imegeuzwa ruhusa ya wote. Tena ubaya wa simu haujapata kuwa hoja ya kuongeza ubaya mwingine.

Kinachotakiwa kinaweza kufanyika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizo zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu nje ya mipaka, na hakuna taarifa ya mtu iliyo yake zaidi kuliko sauti yake. Vifaa vya mawasiliano navyo huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuingizwa sokoni. Hapo basi ndipo pa kuweka sharti: skrini inayoamrishwa kwa sauti isiidhinishwe mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba mnunuzi anaweza kuzuia sauti yake kutoka nje ya nyumba, na kwamba uwezo huo hautafutwa kwa barua pepe. Muda wa kukihudumia kifaa uandikwe juu ya kasha, kwa miaka, kama tarehe inavyoandikwa juu ya kopo la maziwa.

Si ndoto hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2024 mradi wa Home Assistant, ambao programu yake iko wazi kwa kila mtu kuikagua na kuibadili, ulitoa kifaa kidogo cha sauti ambacho, kikiunganishwa na kompyuta ya nyumbani yenye nguvu ya kutosha, kinaweza kupokea amri bila kupeleka neno lolote kwa kampuni. Kwa wingi wa watu bado ni kigumu kukiweka, na hakina kioo. Lakini njia imeonekana. Upande wa lugha, mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza mwaka 2021 kuikusanya sauti ya Kiswahili kutoka kwa wasemaji waliojitolea, na hazina hiyo iko wazi. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wanafunzi wa kompyuta na walimu wa isimu ya Kiswahili katika majengo yanayotazamana. Kinachokosekana ni fedha ya serikali na agizo la kuwakutanisha, kwa kuanzia na kazi moja yenye faida ya wazi: kifaa cha Kiswahili kwa ajili ya wasioona, kinachosema saa, kinachosoma habari, kinachopiga simu, na kinachofanya hayo bila kumpeleka mwenyewe sokoni. Vyama vya wasioona viulizwe kwanza kinahitajika nini, badala ya kuitwa siku ya uzinduzi kupiga makofi.

Kwa nyumba ambazo tayari zimo skrini hizi, hapana haja ya kungoja Tume. Swichi ya kuzima maikrofoni iko juu ya kifaa, na Echo Show nyingi zina kifuniko cha kamera kinachosogezwa kwa kidole. Katika programu yake ya simu mna mahali pa kuzisikiliza na kuzifuta rekodi zilizokwisha kunaswa, na anayezisikiliza kwa mara ya kwanza aghalabu hukaa kimya kidogo. Chumba cha kulala si mahali pake. Mgeni naye aambiwe kwamba kifaa kimo, kabla hajaketi na kuanza kueleza kilichomleta.